Mchezo weka kando, soma madai: kwa vijana wanaoanza kukagua hataza

Wanangu, imeniijia tena mezani rasimu ya taarifa ya ukaguzi wa maombi ya hataza (haki ya mvumbuzi ya kuzuia wengine wasitumie uvumbuzi wake) kuhusu kifaa cha karata za elektroniki, na tena imeanza na sentensi ile ile: "Karata zinajulikana tangu zamani, hivyo uvumbuzi huu si mpya." Nimeshaisoma kwa waliokutangulieni, na sasa naisoma kwenu. Nakupendeni, lakini hapana. Kweli karata zinajulikana, kila baraza la Mji Mkongwe lina seti iliyochakaa pembe. Ila mwombaji hakuomba alindiwe karata. Ameomba alindiwe kilichoandikwa kwenye dai la 1, yaani sentensi inayotaja anachotaka kilindwe, na upya (kutojulikana kabla) hupimwa hapo, sifa moja baada ya nyengine.

1. Anzeni na madai, sio maelezo marefu ya uvumbuzi yanayoambatana nayo. Ukianza na maelezo utakuta kurasa za mchezo, na wewe mwenyewe unaupenda mchezo, basi utajikuta unahukumu kama mchezaji. Chukua karatasi uchore jedwali. Tuseme dai lina sifa sita: kadi bapa, skrini upande mmoja, kumbukumbu yenye sura za karata 52, kipokezi cha mawimbi ya redio, kitovu kinachochanga na kugawa, na sensa inayozima skrini kadi ikilazwa kifudifudi. Kila sifa iwe na mstari wake, na kando yake andika waraka uliotangulia, ukurasa na aya. Msiandike "imo" halafu basi. Imo wapi? Waraka mmoja ukijaza visanduku vyote sita, upya umekufa. Ukibakisha kimoja kitupu, dai ni jipya mbele ya waraka huo, upende usipende. Kuunganisha nyaraka mbili ni suala la hatua ya uvumbuzi, yaani kama uvumbuzi haukuwa dhahiri kwa mtaalamu, na hilo lina sehemu yake katika taarifa.

2. Kamari. Kuna kijana aliyetaka kukataa maombi kwa sababu kifaa kinaweza kutumika kuchezea pesa. Nauheshimu moyo wake, na visiwani kwetu jambo hilo si la mchezo. Lakini watu wangapi wanacheza karata za wahedi wasitini jioni nzima bila ya senti kuguswa, anayefungwa akipisha wengine tu? Tena someni Mkataba wa Paris wa kulinda mali za viwanda, kifungu cha 4 kwota: hataza haikataliwi kwa sababu tu sheria ya nchi imewekea mipaka uuzaji wa bidhaa. Tanzania ni mwanachama tangu 1963. Kuruhusu uuzaji ni kazi ya mamlaka nyengine.

3. Tenganisheni mchezo na kifaa. Hapa ndipo wengi wanapoteleza, kwa pande zote mbili. Mkataba wa Hataza wa Ulaya wa 1973, kifungu cha 52, unasema kanuni za kucheza michezo, zikidaiwa zenyewe kama zilivyo, si uvumbuzi. Mmoja akisoma hivyo anakataa kila chenye karata ndani. Mwengine akiona neno prosesa kwenye dai anapitisha kila kitu. Wote wawili hawajafanya kazi. Uamuzi wa T 641/00 wa bodi ya rufaa ya Ofisi ya Hataza ya Ulaya, wa mwaka 2002, ambao wakaguzi wanauita Comvik, ulieleza vizuri: dai linaweza kuchanganya sifa za kiufundi na zisizo za kiufundi, lakini zinazohesabiwa katika hatua ya uvumbuzi ni zile zinazochangia kutatua tatizo la kiufundi. Kwa hiyo nani anaanza, turufu inachaguliwaje, alama zinahesabiwaje, hayo yote yawe mazuri namna gani hayabebi dai. Skrini inayojizima kadi ikilazwa kifudifudi, betri ikadumu na mpinzani asione kitu, hiyo inabeba. Marekani nako, katika shauri la Smith la mwaka 2016, mahakama ya rufaa ilikataa kanuni za mchezo wa kamari uliochezwa kwa karata za kawaida. Ila someni mpaka mwisho: majaji walisema wazi kwamba dai la mchezo unaotumia seti mpya ya karata lingeweza kupona. Rasimu niliyopewa imenukuu nusu ya kwanza ya hukumu ikaiacha ya pili. Kumnyima mwombaji nusu inayomsaidia si haki.

4. Utafutaji. Ukiandika "karata" au "kadi" kwa Kiingereza kwenye Espacenet, hazina ya mtandaoni ya nyaraka za hataza, utaletewa kadi za benki, kadi za kumbukumbu na kadi za saketi mpaka uchoke. Tumieni ainisho, yaani namba za kimataifa za kupanga hataza kwa mada: A63F 1/02 kwa karata zenyewe, 1/12 kwa vifaa vya kuchanga, 9/24 kwa michezo ya umeme, A63F 13 kwa michezo ya video, na G06K 19/07 kwa kadi zenye chipu. Tazameni michoro kwanza. Na tarehe, jamani, tarehe: waraka uliotoka baada ya tarehe ya kipaumbele (ya maombi ya kwanza ya uvumbuzi huo) kwa kawaida haumuui mtu upya wake, isipokuwa ukiwa ni maombi ya hataza yaliyowasilishwa kabla ya tarehe hiyo.

5. Ya tano ilikuwa iwe fupi, kuhusu marekebisho ya madai, lakini siwezi kuitaja bila ya kukumbuka faili la kijana mmoja wa Wete. Huyu alitengeneza karata za elektroniki kwa mikono yake, kadi nene kidogo kuliko kadi ya benki, na aliyemwandikia maombi alikuwa mtu mwenye uzoefu. Maelezo yalikuwa marefu na ya kupendeza. Kurasa kwa kurasa za namna ya kugawa, kukata na kuhesabu alama. Saketi ilipewa aya moja tu: "kila kadi ina skrini na njia ya kupokea data." Taarifa ya ukaguzi iliporudi ikasema kanuni hazihesabiwi, na kadi zenye skrini zimo kwenye nyaraka mbili za zamani. Ilikuwa taarifa sahihi kabisa.

Yule kijana akaja na kadi yake. Akaiweka mezani kifudifudi, skrini ikazimika. Akaiinua, ikawaka ikiwa na bibi wa kopa. Akafanya hivyo tena na tena, akinitazama usoni. Ndani yake kulikuwa na sensa ndogo ya mwinamo, na hakuna hata waraka mmoja uliokuwa nayo. Uvumbuzi wake ulikuwa ule! Tukafungua maombi yake tukatafuta neno moja kuhusu sensa, kwenye maelezo, kwenye madai, kwenye michoro. Halikuwemo. Marekebisho hayawezi kuongeza jambo ambalo halikuwemo siku ya kuwasilisha. Kuomba upya kwa kudai kipaumbele hakukusaidia, kwa sababu miezi 12 ilikuwa imepita, na hata hivyo kipaumbele hakifuniki kisichoandikwa. Kuomba upya bila kipaumbele nako kulikuwa kumezibwa: alikuwa ameshaionyesha kadi hadharani, watu wameishika, wameipiga picha. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akaniuliza, "Sasa hii ni ya nani?" Nikamjibu ukweli, kwamba ni ya kila mtu. Roho yangu bado inauma nikikumbuka.

Mkaguzi hakumkosea, najua. Lakini ndiyo maana nakusihini mkipokea maombi yenye maelezo matupu, toeni hoja ya ufafanuzi mapema. Na mwombaji akija kuuliza kabla hajawasilisha, mwambieni aandike kila skrubu, na asikionyeshe kifaa kwa mtu yeyote mpaka apate tarehe ya kuwasilisha.

6. Mwangaza wa baada ya tukio. Ukishasoma uvumbuzi, kila kitu kitaonekana rahisi. Kabla ya kuandika "ni dhahiri kwa mtaalamu", taja sababu gani ingemfanya mtaalamu auchukue waraka wa pili. Kama huna sababu, futa sentensi.

7. Andikeni taarifa inayomsaidia mtu kujibu. Kama dai la 4, lenye sensa, lingepita likiunganishwa na la 1, semeni hivyo kwa maneno mepesi na mtaje aya inayolishikilia (D1 na D2 ni nyaraka zilizotangulia): "Dai la 4 halikukutwa katika nyaraka D1 na D2, mwombaji anaweza kuliingiza katika dai la 1." Kisha andikeni mwisho wa muda wa kujibu kwa siku, mwezi na mwaka, kwenye ukurasa wa kwanza.