Kabla Hujafungua Kopo la Rangi

Juzi msomaji mmoja, mama wa watoto wawili, kaniandikia ujumbe mrefu. Kabati la nguo alilorithi kwa shangazi yake alilipiga rangi nyeupe mwezi uliopita, likapendeza, kila aliyeingia chumbani akalisifu. Leo ukilikwaruza kwa ukucha, rangi inabanduka kama ganda la yai la kuchemsha, na chini yake inaonekana rangi ya zamani inang'aa vilevile kama haijawahi kuguswa. "Nimeshindwa," ameandika. "Nadhani kazi hii ina watu wake."

Nilisoma, nikaweka simu chini. Maneno hayohayo niliyasema mimi miaka minne iliyopita, nimesimama mbele ya meza ya kioo ya marehemu mama yangu.

Meza hiyo ni ya mahogani, ina droo tatu na kioo cha kuinamisha. Mama aliipenda kuliko chombo kingine chochote ndani ya nyumba. Kila wiki aliipaka nta ya samani, akaisugua kwa kitambaa mpaka uso wako ukaonekana juu yake. Alipofariki, dada yangu mkubwa alisema nikae nayo mimi. Vanishi ilikuwa imechakaa, kingo zimepauka, juu pana alama za duara za vikombe. Nikaona niipe uhai mpya. Nilikuwa nimetazama picha nyingi za kazi za watu, upande huu meza chakavu, upande wa pili meza inayong'aa, na hakuna picha hata moja iliyonionyesha siku zilizopita katikati.

Nikanunua rangi nyeupe ya maji, nikaipangusa meza vumbi, nikaanza. Mkono wa kwanza, yaani tabaka la kwanza la rangi, ulikataa kushika. Rangi ilijikusanya ikaacha vishimo vya duara kama macho ya samaki. Nikapiga mzito zaidi ili kuvifunika, na jioni ileile nikaongeza mwingine. Asubuhi nilikuta madoa ya kahawia yamejitokeza juu ya weupe, mithili ya chai iliyomwagikia shuka. Nikapiga mkono wa tatu. Madoa yakarudi. Siku ya sita niliona pamekauka, nikaweka chombo cha maua. Nilipokinyanyua baada ya siku mbili, kilitoka na kipande cha rangi kikubwa kama kiganja changu.

Dada alikuja wiki hiyo. Alisimama mlangoni akaitazama kwa muda, kisha akasema, "Ungeiacha tu kama alivyoiacha mama." Hakuongeza neno. Mimi nilichukua shuka nikaifunika, na ilikaa hivyo miaka minne. Kauli ile bado inanichoma hata leo, na sitasema vinginevyo.

Nimejifunza baadaye, kwa kuharibu na kutengeneza vitu vidogo vidogo, kwamba kila balaa lile lilikuwa na sababu yake. Vile vishimo vilitokana na nta ya mama. Nta na mafuta ya samani, hasa yale yenye silikoni, hubaki juu ya mbao na kuisukuma rangi. Madoa ya kahawia ni tanini, dutu iliyomo ndani ya mbao kama mahogani na mwaloni. Maji ya rangi huiyeyusha na kuipandisha juu, kwa hiyo ukiongeza mikono ya rangi ya maji unaendelea kuivuta. Msonobari nao una tabia yake: mafundo yake hutoa utomvu unaopenya rangi na kuacha duara la manjano. Na chombo cha maua kilinifundisha kuwa kukauka si kukomaa. Rangi ya maji hukauka mkononi baada ya saa moja au mbili, lakini kukomaa mpaka iwe ngumu kabisa huchukua wiki tatu hadi nne.

Mwaka huu nikasema basi. Nikalivua lile shuka.

Kubandua rangi ya zamani sitakueleza sana, ni kazi ya kuchosha na ilinichukua siku za kutosha. Nitakueleza kuosha, kwa sababu hapo ndipo kazi yote ilipo. Nilifungua vishikio na bawaba zote nikavitia kwenye mfuko. Nikaosha meza kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya kukata mafuta, nikasuuza kwa kitambaa chenye maji safi, nikaiacha ikauke. Halafu nikaifuta kwa spiriti, kitambaa kikatoka cheusi. Nikaifuta tena, kikatoka cha kahawia. Mara ya nne kikatoka safi. Hiyo ilikuwa nta ya miaka na miaka, mikono ya mama yangu. Nilikaa chini nikalia kidogo, kisha nikaendelea.

Baada ya kuosha ndipo nikapiga msasa, namba 120 kwanza, halafu 220. Kadiri namba inavyokuwa kubwa ndivyo msasa unavyokuwa laini. Usianze na msasa kabla ya kuosha, maana utaisugua nta iingie ndani zaidi. Humalizi mbao kwa msasa, unaondoa mng'ao tu ili rangi ipate pa kushika, na unafuata mwelekeo wa nyuzi za mbao. Vumbi likapanguswa kwa kitambaa chenye unyevu.

Kisha praima, yaani tabaka la msingi linalopakwa kabla ya rangi yenyewe. Kwa mahogani nilichagua praima ya shelaki, ile inayotengenezwa kwa utomvu wa wadudu wadogo na kuyeyushwa kwa spiriti. Hiyo ndiyo inayozuia tanini isipande, na hukauka chini ya saa moja, kwa hiyo fanya kazi haraka na madirisha yakiwa wazi. Nikapiga mikono miwili, nikalala, nikaamka nikaangalia. Meupe! Hakuna doa hata moja.

Rangi yenyewe ikawa kazi nyepesi kuliko zote. Mikono mitatu myembamba, kila mmoja siku yake, na kati ya mkono na mkono nikapitisha msasa wa 220 kwa wepesi. Nilitumia brashi ya nyuzi za plastiki, kwa sababu nywele za asili hunywa maji ya rangi zikalegea. Hizo ziachie rangi ya mafuta. Safari hii sikutaka nyeupe. Nilichagua bluu iliyofifia, karibu na kijivu. Uso wa juu niliuacha mbao tupu nikaupaka mafuta ya kitani. Hapa naomba unisikilize vizuri: vitambaa vilivyolowa mafuta hayo usivikunje ukavitupa kwenye ndoo. Hujipasha moto vyenyewe na vinaweza kuwaka bila kiberiti. Vitandaze nje vikauke kabisa, kimoja kimoja.

Watu wataniuliza kuhusu rangi ya chaki, rangi ya samani isiyong'aa, ile iliyobuniwa na Annie Sloan nchini Uingereza mwaka 1990. Ni rangi nzuri, ninaipenda kwa fremu za picha na vigoda. Lakini wanaosema unaipaka juu ya chochote bila maandalizi wanawadanganya wenzao. Uchafu ni uchafu. Hata yenyewe inataka mahali palipooshwa, na ikikauka inataka nta au vanishi ya kuilinda. Vitu vya chuma, kama stendi ya taa, ondoa kutu yote kwa brashi ya waya kisha upake praima ya kuzuia kutu. Huko hakuna mengi.

Sasa nirudi kwako, dada uliyeniandikia. Tulia kwanza. Lowesha pamba kwa spiriti usugue ile rangi ya zamani iliyoko chini. Ikitoka kwenye pamba, ni ya maji. Isipotoka, ni ya mafuta, nami ninaamini ndivyo itakavyokuwa, kwa sababu rangi ya maji iliyopigwa moja kwa moja juu ya rangi ya mafuta inayong'aa hubanduka hivyohivyo ulivyoeleza. Lakini kabla ya kushika msasa kuna jambo zito zaidi. Rangi za zamani nyingi zilikuwa na madini ya risasi. Marekani ilizipiga marufuku kwa matumizi ya nyumbani mwaka 1978, na mahali pengine ziliendelea kutumika baada ya hapo. Vumbi lake hudhuru ubongo wa mtoto, na wewe una wawili. Kama kabati lina umri mkubwa, tafuta kipimo cha risasi kwanza. Usilipige msasa mkavu, na watoto wasiwe karibu. Likionekana lina risasi, mwachie fundi anayejua kuishughulikia.

Mimi nakasirika nikiona watu wanavyohimizana kumaliza kabati ndani ya mchana mmoja. Kwa nini? Kilichokaa nyumbani miaka thelathini hakiwezi kukusubiri wiki moja? Tunataka sifa ya picha ya mwisho, hatutaki kitambaa cheusi. Osha. Ukidhani umeosha, osha tena. Rangi ya bei yoyote juu ya mafuta itabanduka, na rangi ya kawaida juu ya mbao safi itakaa. Na kama mbao ni nzuri na vanishi yake bado nzima, usipake kitu. Dada yangu alikuwa na haki kwa hilo, ingawa alilisema kwa namna iliyoniumiza.

Ndani ya droo sikugusa. Bado zina harufu ya poda ya mama. Dada alipokuja Jumapili alipita moja kwa moja chumbani, akavuta droo ya katikati, akainama akanusa, akakaa kitandani kimya. Baadaye aliniuliza kama rangi ile ya bluu imebaki, ana kiti anachotaka nikamsaidie. Nimemwambia aanze kukiosha.

Nawe, ukishapata majibu ya kipimo na kama kabati liko salama, anza na mlango mmoja tu. Nitumie picha ya kitambaa chako cha mwisho kabla hujafungua kopo.