Kabla hujailaumu fomula, papasa ukingo wa bamba

Juzi mwanafunzi mmoja wa uhandisi ameniandikia. Bamba lake la moto, linalopulizwa na feni, linapoteza joto zaidi ya mara mbili ya lile analolipata kwenye hesabu. Vipimajoto amevikagua mara tatu, na sasa anataka kubadili fomula. Ndugu yangu, usiibadili. Hapo ulipo nimewahi kukaa.

Bamba langu lilikuwa la alumini, urefu nusu mita, hewa ikipita juu yake kwa mita 8 kwa sekunde. Namba ya Reynolds, ile inayoashiria kama hewa itapita kwa utulivu au kwa msukosuko, ikatoka 270,000 hivi. Tulifundishwa kwamba juu ya bamba bapa mtiririko hubaki tulivu, yaani hewa huteleza kwa matabaka bila kukorogeka, hadi namba hiyo ifike karibu 500,000, basi nikatumia fomula ya mtiririko tulivu bila kusita. Hesabu ilinipa wati 16 kwa kila mita ya mraba kwa kila nyuzi moja ya tofauti ya joto. Vipimo vikasema 36.

Msimamizi wangu aliyakataa matokeo yale mbele ya wenzangu wote, akasema sijui kusoma kipimajoto. Miaka imepita na bado naisikia sauti yake.

Nilirudia kila kitu. Siku moja, katika kulifuta vumbi lile bamba, kidole changu kikapita kwenye ukingo wa mbele, pale hewa inapoanza kuligusa. Ulikuwa mnene, umekatwa kwa msumeno na kuachwa mraba! Hewa ikigonga ukingo wa namna hiyo huachana na uso, kisha hurudi ikiwa na msukosuko. Ile 500,000 ni ya ukingo mkali na hewa iliyotulia. Nilipotumia fomula ya msukosuko tangu mwanzo nikapata karibu 38. Nikachukua tupa, nikaunoa ukingo, nikamalizia kwa msasa. Kipimo kikashuka hadi 17. Nilisoma sawasawa tangu siku ya kwanza.

Mwaka 1904 Prandtl, mwanasayansi Mjerumani wa mitiririko, alieleza kwamba hewa iliyogusana na uso husimama kabisa, na kasi yake hupanda ndani ya tabaka jembamba. Kwenye bamba langu, mtiririko ukiwa tulivu, tabaka hilo halifiki milimita 5 hata kule mwisho. Joto lote lazima livuke hapo. Msukosuko huikoroga hewa ya tabaka hilo na kuisukuma ile yenye kasi hadi usoni, ndiyo maana msuguano nao hupanda: kwa hesabu, kigezo chake kwangu kilitoka 0.0026 hadi 0.0061. Joto na msuguano ni ndugu, na Reynolds, yule yule mwenye namba, aliuona undugu huo tangu 1874. Kwa hiyo pima vyote viwili, kimoja kikusahihishe kingine. Ila usichanganye msuguano na ukinzani wote. Kwenye bomba lililokingama njia ya hewa, sehemu kubwa ya ukinzani hutokana na tofauti ya shinikizo mbele na nyuma, na hiyo haina undugu huo na joto.

Wala usikimbilie feni kubwa. Kwenye msukosuko, ukiongeza kasi mara mbili joto linaloondoka huongezeka mara 1.74 tu, huku nguvu ya kushinda msuguano ikipanda karibu mara 7.

Basi zima hita, subiri bamba lipoe, upapase ukingo wa mbele. Kisha niandikie tena, uniambie una unene wa milimita ngapi.