Mtume ananidai kiwanja. Nikikataa, nitakufa kama Safira?

SWALI: Shikamoo Mchungaji, Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni mjane, nauza dagaa sokoni, nina watoto wawili sekondari. Kiongozi wa huduma ninayosali ni mtume. Amefundisha kwamba waamini wa kwanza waliuza viwanja wakaweka fedha miguuni pa mitume, na kwamba Anania na Safira walikufa kwa kumnyima mtume. Sasa ananitaka niuze kiwanja alichoniachia marehemu mume wangu, na ile hela ninayomtumia mama yangu mgonjwa kijijini niipeleke madhabahuni kwanza. Nikisita ananiambia neno la mtume ni neno la Mungu, "msiwaguse masihi wangu." Silali. Je, mtume wa leo ana mamlaka ya Petro na Paulo?

JIBU: Marahaba mwanangu, na jina la Bwana lisifiwe. Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, na kila nikifika pale unaposema hulali, napata uchungu.

Nianze na Safira, maana ndiye anayekunyima usingizi. Fungua Matendo 5 usome mstari wa 4 polepole. Petro anamwambia Anania: "Kilipokuwa kwako, hakikuwa mali yako? Na kilipokwisha kuuzwa, thamani yake haikuwa katika uwezo wako?" Mtume mwenyewe anakiri kwamba kiwanja kilikuwa chao, na kwamba hata baada ya kukiuza fedha ilibaki kuwa yao. Hakuna aliyewadai. Walileta sehemu wakajifanya wameleta yote, na kosa lao likawa kumwambia Mungu uongo. Wewe umemdanganya nani? Mjane anayesema "kiwanja hiki siuzi" amesema kweli. Anayepaswa kutetemeka akiisoma sura hiyo ni yule anayesimama mbele ya kusanyiko kumsemea Mungu neno ambalo Mungu hakulisema.

Halafu jiulize, fedha iliyowekwa miguuni pa mitume ilikwenda wapi? Matendo 4:35 inajibu hapohapo: kila mtu aligawiwa kwa kadiri ya mahitaji yake. Katika kanisa lile la Yerusalemu, wewe mjane mwenye watoto wawili ungekuwa kwenye orodha ya wanaopewa. Na sura ya 6 yapo manung'uniko kwamba wajane fulani wanasahaulika katika mgawo wa kila siku. Mitume walifanyaje? Waliwaambia waamini wachague watu saba wenye sifa njema, wakawakabidhi kazi hiyo. Walipolalamikiwa habari za wajane, walijitoa wao wenyewe kwenye meza ya mgawo. Petro huyo ndiye aliyemwambia kiwete mlangoni pa hekalu, "Mimi sina fedha, wala dhahabu," na wakati huo watu walikuwa tayari wameanza kuuza mali zao. Zilipita miguuni pake, hazikuingia mfukoni mwake.

Sasa swali lako lenyewe. Mtume ni aliyetumwa. Kiswahili chetu kimelikamata neno la Kigiriki barabara. Lakini wale Kumi na Wawili walitumwa kwa kazi ambayo hairudiwi. Alipotafutwa wa kushika nafasi ya Yuda, sharti lilikuwa moja: awe amefuatana na Bwana tangu ubatizo wa Yohana hadi siku ya kupaa, apate kuwa shahidi wa kufufuka kwake. Mathiya alifaa kwa sababu alikuwepo. Paulo naye alipohojiwa utume wake aliuliza, "Sikumwona Yesu Bwana wetu?" na kuhusu kutokewa huko akasema yeye ni wa mwisho wa wote. Herode alipomuua Yakobo ndugu yake Yohana, yapata mwaka 44, hatusomi kwamba kura ilipigwa tena, kama ile iliyompata Mathiya, ili kujaza nafasi yake. Msingi wa nyumba unamwagwa mara moja. Waefeso 2:20 inasema tumejengwa juu ya msingi wa mitume na manabii, na fundi anayetaka kumwaga msingi mwingine juu ya paa, mzuie.

Kizazi kilichofuata kililijua hilo vizuri. Ignatio, askofu wa Antiokia, mwanzoni mwa karne ya 2 alipelekwa Roma amefungwa minyororo ili atupiwe wanyama. Njiani aliwaandikia Wakristo wa Roma kwamba hawaamuru kama Petro na Paulo: wale walikuwa mitume, yeye ni mfungwa tu. Mtu aliyekuwa anaenda kuliwa na simba kwa ajili ya Kristo hakuthubutu kujipa cheo hicho.

Najua utajibiwa kwa Waefeso 4:11, kwamba Kristo alitoa wengine kuwa mitume. Ni kweli, na Maandiko yanalitumia neno hilo hata nje ya wale Kumi na Wawili: Barnaba anaitwa hivyo, na Paulo anawataja mitume wa makanisa, yaani wajumbe waliotumwa na makanisa. Ndugu zangu wengi wa Kipentekoste humwita mtume mtu aliyekwenda kufungua kanisa pasipokuwa na kanisa. Kwa maana hiyo sigombani nao. Mmisionari Krapf alipofika Mombasa mwaka 1844 akamzika mke wake na mtoto mchanga mwaka huohuo, alikuwa ametumwa kwelikweli. Ila kutumwa huko hakumpi mtu ruhusa ya kusema "nikisema mimi, Mungu amesema." Hapo mlango umefungwa, na nitausimamia.

Maana hata mitume wa kwanza walipimwa. Watu wa Beroya waliyachunguza Maandiko kila siku kuona kama Paulo anasema kweli, na wakasifiwa. Petro alipokosea kule Antiokia, Paulo alimkemea mbele ya wote. Kanisa la Efeso linasifiwa na Kristo mwenyewe katika Ufunuo 2:2 kwa kuwajaribu wajiitao mitume na kuwaona kuwa waongo. Na hiyo "msiwaguse masihi wangu" ni Zaburi 105, inayosimulia jinsi Mungu alivyowakemea wafalme wasiwadhuru Ibrahimu, Isaka na Yakobo walipokuwa wageni wasio na nguvu. Ni ngao ya wanyonge. Kuigeuza fimbo ya kumpigia mjane ni kulitesa Andiko.

Yapo pia mafundisho ya Wakristo wa kale yaitwayo Didakhe. Yanaagiza hivi: mtume akija apokewe kama Bwana, akiondoka asichukue kitu ila mkate wa kumfikisha atakapolala, akiomba fedha, ni nabii wa uongo. Soma mara mbili.

Atakuambia yeye ni baba yako wa kiroho. Basi mwambie Paulo naye alikuwa baba, na aliwaandikia Wakorintho kwamba haiwapasi watoto kuweka akiba kwa wazazi, bali wazazi kwa watoto. Alipokuwa kwao alishona mahema.

Lililonikera kuliko yote ni habari ya mama yako. Katika Marko 7 Yesu aliwakuta watu waliofundisha kwamba ukisema mali yako ni Korbani, wakfu kwa Mungu, huna tena wajibu wa kumsaidia baba wala mama. Aliwaambia wanalitangua neno la Mungu. Dawa ya mama yako haishindani na madhabahu.

Kwa hiyo, mwanangu, kiwanja usikiuze. Hati iweke kwa ndugu wa mume wako unayemwamini, au benki. Kama kuna karatasi yoyote uliyotia saini, kesho asubuhi mwone mwanasheria wa msaada wa kisheria, au anza na ofisi ya serikali ya mtaa, kabla hujarudi kwenye huduma hiyo. Usiende kuzungumza na mtu huyo peke yako. Akikutamkia laana, kumbuka umebatizwa kwa jina lililo juu ya majina yote, wala si kwa jina lake. Usiache kusali, tafuta kanisa ambalo mapato na matumizi yanasomwa mbele ya washarika, ukatoe ulichokusudia moyoni, hata kama ni mia tano. Na hela ya mama mtumie wiki hii, kisha mpigie simu uisikie sauti yake.