Kabla hujamwambia msomaji ang'oe

Makala yangu ya kwanza kuhusu mimea vamizi ilihusu gugu karoti. Nilieleza limetoka Amerika ya kitropiki, nikaandika jina la kisayansi, Parthenium hysterophorus, nikaorodhesha madhara na kuweka picha moja safi ya ua jeupe. Mwishoni nikaongeza: ukiliona, ng'oa utupe.

Wiki mbili baadaye msomaji alinitumia picha ya rundo alilong'oa kutwa nzima. Kwa kuwa picha yangu ilionyesha ua tu, chochote kisicho na ua alikikisia kwa majani, kwa hiyo ndani ya rundo mlikuwa na miche yake mwenyewe ya karoti. Gugu lenyewe lilikuwemo pia, limeshakomaza mbegu, na lote alikuwa amelitupa kwenye shimo la mboji. Msimu uliofuata mboji ile ingesambazwa kwenye matuta yote. Alifanya kazi kwa mikono mitupu, ikamwasha siku tatu. Hakuna agizo langu hata moja alilokosea.

Wewe unayeanza kupanga makala za bustani, jambo la kwanza ninalokuomba ni kuacha kupanga kwa mada. Panga kwa siku ambayo msomaji atashika jembe. Tunaandika juu ya gugu linapochanua kwa sababu ndipo linapoonekana, kumbe hapo muda umekwisha au umebaki kidogo sana. Gugu karoti huchanua wiki chache tu baada ya kuota, na mmea mmoja huweza kutoa maelfu ya mbegu. Makala inatakiwa imfikie mtu likiwa bado changa, majani yametanda chini kama sahani, udongo una unyevu na mzizi unatoka mzima. Weka alama hapo kwenye kalenda, kisha uhesabu kurudi nyuma: siku za msomaji kujiandaa, siku za kuhariri, siku za kuhakiki. Utagundua jambo linalowaumiza wageni wote wa kazi hii: picha za mche wa msimu huu zilipaswa kupigwa msimu uliopita. Mimi hutembea na kamera mwaka mzima na kupiga vitu ambavyo sina makala yake. Mche, jani juu na chini, shina lililokatwa, mbegu kiganjani ili ukubwa uonekane. Ua hulipiga mwisho, maana hilo kila mtu analo.

Na usiandike jina la mwezi. Andika "wiki mbili baada ya mvua za kwanza" au "kabla vichwa vya maua havijafunguka". Mvua hazifiki kwa wasomaji wako wote siku moja.

Halafu yapo maneno matatu ambayo wengi huyachanganya: gugu, mgeni na mvamizi. Gugu ni mmea wowote ulioota usipotakiwa, hata ukiwa wa asili ya hapo hapo. Mgeni umetoka kwingine. Mahindi na muhogo ni wageni kila mahali nje ya Amerika, wala hatuwaiti wavamizi. Mvamizi ni mgeni anayejisambaza mwenyewe na kuharibu: anafukuza mimea mingine, anaziba maji, anadhuru mifugo au watu. Tena uvamizi hutegemea mahali. Mpera unaopendwa kwa matunda ni tatizo kubwa katika visiwa vya Galápagos. Mwarobaini, dawa ya wengi, kaskazini mwa Australia umewekwa kwenye orodha ya magugu. Kwa hiyo sentensi kama "mmea huu ni vamizi" bila kutaja wapi huwa naifuta kwenye rasimu ya yeyote, pamoja na yangu.

Majina nayo yana mitego. Jina la kienyeji moja hubeba mimea mitatu, kwa hiyo weka la kisayansi, na kama limebadilika weka yote mawili. Gugu maji kwa miaka mingi liliitwa Eichhornia crassipes; siku hizi ni Pontederia crassipes, na msomaji anayetafuta kwa jina la zamani asikukose.

Sasa neno "tupa". Hilo usiliandike tena bila kusema wapi na vipi, kwa sababu kila mmea una tabia yake. Rundo la kawaida la mboji nyumbani mara nyingi halifikii nyuzi joto 55 kwa siku kadhaa mfululizo, kwa hiyo mbegu hupona humo. Kichaka cha lantana ukikikata tu, kisiki huchipua. Reynoutria japonica, mmea wa Asia Mashariki uliopelekwa Ulaya karne ya 19 kama pambo la bustani, huota tena kutoka kipande kidogo cha shina lake la chini ya ardhi, na mtu anayeikatakata kwa jembe anaipanda. Gugu maji la kwenye bwawa la mapambo halimwagwi mtoni hata shina moja, na mbegu zake hukaa hai kwenye tope kwa miaka mingi. Makala moja, mmea mmoja, njia moja. Ukitaka kuzungumzia minne, andika makala nne.

Onyo litangulie agizo. Glavu na mikono mirefu ya shati vitajwe kabla ya neno "ng'oa", kwa maana watu husoma wakiwa wameshainama shambani. Kuhusu viuagugu sitoi vipimo kabisa. Namwelekeza msomaji kwenye maelezo ya chupa na kwa afisa kilimo wake.

Kuna kishawishi kingine, makala za "faida kumi" za mmea vamizi. Zinasomwa sana, nakiri. Lakini mtu akishajua kwamba gugu maji linasukwa vikapu, huenda akalifuga. Kama ni lazima kutaja matumizi, taja kama njia ya kulimaliza lililopo, na useme wazi lisipandwe.

Usimkaripie msomaji. Ua wake wa lantana huenda ulipandwa na mama yake, na ulioteshwa kwa upendo. Wataalamu nao wamewahi kukosea kwa kiwango kikubwa: kudzu, mmea wa kutambaa kutoka Asia, ilionyeshwa Philadelphia mwaka 1876, na miaka ya 1930 na 1940 serikali ya Marekani iliwalipa wakulima waipande kuzuia mmomonyoko. Leo inafunika miti na mabanda kusini mwa nchi hiyo. Mimi huwapa watu kisa hicho kwanza, kisha nawapa mmea mbadala unaofanya kazi ile ile, wenye kimo na rangi inayokaribiana. Makala isiyo na mbadala huacha shimo kwenye ua wa mtu, na kwenye shimo hilo lantana hurudi yenyewe, ndege wakileta mbegu.

Kwa mwaka, wavamizi wasizidi robo ya makala zako. Zilizobaki ziwe za mboji, matandazo, palizi na miche, la sivyo watu watachoka kuogopeshwa.

Rasimu ikikamilika, siipeleki kwa mtaalamu kwanza. Naichapisha kwenye karatasi, nawapa watu watano wasiojua bustani, naomba kila mmoja atoke nje aniletee mmea husika. Mara ya mwisho watatu walirudi na mmea mwingine, wote huo huo. Nilipowauliza wameangalia nini, wakanionyesha jani. Picha ya upande wake wa chini, ambako ndiko kulikuwa na tofauti, nilikuwa nimeiondoa ili ukurasa usijae.