Kutoka maabara ya ulinzi kwenda kwenye ushauri: yaliyonikuta mimi

Dada uliyeuliza kama uchukue kiinua mgongo chako uondoke, baada ya miaka 19 ya utafiti wa kijeshi hapa Uingereza, ukaanze ushauri wako mwenyewe: njia hiyo nimeipita, na visiki vyake navijua. Wadau waliotangulia wamekueleza namna ya kusajili kampuni. Hilo dogo, ni kazi ya jioni moja.

Mimi mzaliwa wa Tanga, nimekulia Leicester, nikaingia DERA, shirika la serikali la utafiti wa ulinzi, kule Malvern mwaka 1998 nikiwa kijana wa rada. Malvern ndiko watafiti wa rada walikohamishiwa mwaka 1942, vita vimepamba moto, wakawekwa kwenye majengo ya shule ya bweni. Julai 2001 DERA ikapasuliwa: takriban robo tatu wakawa kampuni ya QinetiQ, waliosalia wakawa Dstl, chini ya Wizara ya Ulinzi. Mimi nilikuwa wa ile robo iliyobaki Dstl. Kikombe cha chai kilekile, mwajiri mpya. Nimeondoka nikiwa mwanasayansi mwandamizi.

Kitakachokuuma kwanza ni CV. Umefanya kazi ya kujivunia na huruhusiwi kuisema. Yangu ilikuwa na mapengo kama kinywa cha mtoto wa darasa la pili. Ripoti zangu bora zimefungiwa kabatini, na Sheria ya Siri za Serikali ya 1989 haistaafu pamoja nawe. Mteja anakuuliza, "Umewahi kufanya kitu kama hiki?" nawe unabaki kutabasamu tu kama bwana harusi. Usithubutu hata kudokeza. Mtu makini akikusikia unadokeza ya ulikotoka, atajua kesho utadokeza na yake.

Sasa unauza nini? Mimi nilikijua siku moja ya Novemba. Kampuni ndogo, vijana sita, wametengeneza rada ya kugundua droni, wanataka niwaandikie sehemu ya kiufundi ya zabuni. Nikasema kwanza nionesheni mashine yenyewe. Tukaenda shambani alfajiri, nyasi zimelowa, jenereta inakohoa. Kioo kikaanza kujaa alama: droni 14. Nikainua kichwa. Kunguru! Wametoka mitini wanakwenda kutafuta riziki.

Kwa rada, kunguru na droni ndogo ya plastiki hurudisha mwangwi wa nguvu inayokaribiana. Panga za droni zikizunguka huacha mtikisiko wa aina yake kwenye mwangwi, na bawa la ndege huacha wa kwake. Hapo ndipo unapowatofautisha. Lakini ili uuone mtikisiko huo lazima rada ikitazame kitu kwa muda wa kutosha, na yao ilikuwa inapitisha jicho haraka mno. Hesabu hizo vijana walizijua kunishinda. Shida ni kwamba majaribio yao yote waliyafanya Julai, mchana, uwanja mtupu. Nikawaambia zabuni hii iacheni, ombeni ijayo. Walininunia wiki nzima, kisha wakaniita, na mpaka leo ni wateja wangu.

Dada, hiyo pua ya kunusa mahali mashine itakapokuaibisha ndiyo bidhaa yako. Umeipata kwa kuona mitambo mingi ikifeli mbele ya wakubwa, na haina muhuri wa siri.

Bei nilikosea. Nilichukua mshahara nikaugawa kwa siku 220 nikaona nimepata bei ya siku. Nikasahau likizo, ugonjwa, pensheni, bima ya dhima ya kitaaluma, na siku za kuhangaika kutafuta kazi ambazo hakuna anayezilipa. Mwaka wa kwanza siku za kulipwa hazikufika 90. Na kampuni moja kubwa, jina nalihifadhi, iliikalia ankara yangu miezi minne; kila nikipiga simu, mhusika wa malipo yuko likizo. Mke wangu akauliza huyo mtu huwa anarudi kazini lini.

Mambo ya kibali cha usalama, yaani ruhusa ya kushika kazi za siri: huwezi kujiombea mwenyewe, lazima awepo wa kukudhamini. Mjue huyo kabla hujaaga. Pia kwa cheo chako waulize mapema wizarani kuhusu masharti ya ajira baada ya utumishi, maana yanaweza kukufuata hadi miaka 2, na ruhusa inaombwa kabla ya kukubali kazi. Halafu kuna IR35, kanuni ya kodi kwa wanaofanya kazi kupitia kampuni zao wenyewe: tangu 2017 taasisi za umma, na tangu 2021 kampuni kubwa na za kati, ndizo zinazoamua kama wewe ni mshauri kweli au mwajiriwa aliyevaa kofia nyingine. Tafuta mhasibu anayeijua vizuri, usinitegemee mimi hapo.

Ile CV niliifumua mara tatu. Iliyonipa kazi haina jina la mradi hata mmoja. Ina maswali manane ninayoweza kumsaidia mtu kuyajibu. La kwanza: "Rada yako inaona nini saa kumi na mbili asubuhi, kunguru wakiamka?"