Lebo ya GMO: anza na zao, kisha nchi, neno lije mwisho

Kopo la chumvi lililoandikwa "Non-GMO", yaani halina GMO (kiumbe kilichobadilishwa vinasaba maabara), halisemi uongo. Chumvi haina vinasaba, iwe imekuja na meli au imeanikwa Pemba, kwa hiyo hakuna kilichoweza kubadilishwa. Ubaya wa lebo hiyo uko kwengine: inamfanya mnunuzi aitilie shaka chumvi ya rafu ya pili isiyoandikwa kitu. Ndivyo ilivyo pia kwa karafuu, pilipili manga, nazi na dumu la mafuta ya mawese. Hakuna mchikichi wa GMO unaolimwa kibiashara, wala alizeti. Anayekutoza zaidi kwa mafuta ya mawese "yasiyo na GMO" anakuuzia hewa.

Ndiyo maana swali la kwanza si lebo inasema nini. Ni kama zao lenyewe lipo katika sura ya GMO. Orodha ni fupi. Yanayobeba karibu mzigo wote duniani ni manne: soya, mahindi, pamba na kanola (mmea wa mbegu za mafuta). Baada ya hapo kuna biti ya sukari ya Marekani, mapapai ya Hawaii yaliyoanza kulimwa 1998 baada ya kirusi kuangamiza mashamba, biringani za Bangladesh tangu 2014, na vitu vichache visivyofika soko la Darajani, Unguja, kama tufaha lisilobadilika rangi likikatwa na nanasi lenye nyama ya waridi. Mchele wa Pakistan, Thailand na Vietnam, pamoja na ule uitwao mapembe, unatoka nchi zisizolima mpunga wa GMO kibiashara. Hilo halina maana kuwa mchele una kinga: mwaka 2006 mpunga wa GMO ambao haukuwa umeidhinishwa ulikutwa ndani ya mchele wa Marekani, na masoko yakafungwa. Lakini kwa kipolo cha kawaida cha dukani kwetu, wasiwasi wako upeleke kwenye unga wa mahindi na soya.

Kuna vinavyosingiziwa. Kuku wa kisasa si GMO. Ni matokeo ya kuchagua na kupandisha koo mbalimbali kwa miaka mingi. Tikiti lisilo na mbegu ni chotara. Tungule ngumu zinazokaa wiki nzima bila kuoza ni chotara vilevile. Mbegu chotara na mbegu ya GMO ni vitu viwili, na muuzaji anayevichanganya hawezi kukusaidia kusoma lebo.

Ukimya wa paketi

Lebo isiyosema kitu ina maana tofauti kulingana na sheria iliyoiongoza. Hapa ndipo wengi wanapotelezea, kwa sababu rafu moja ya duka la Unguja hukusanya bidhaa za Afrika Kusini, Kenya, India, Uturuki, Brazil na Ulaya, na kila moja imenyamaza kwa sababu yake.

Umoja wa Ulaya unataka kila kiambato chenye GMO zaidi ya asilimia 0.9 kitajwe, na chini ya kiwango hicho msamaha ni kwa mchanganyiko wa bahati mbaya tu, kama punje zilizobaki kwenye lori. Kanuni hizo zimetumika tangu 2004. Kenya imeweka asilimia 1. Brazil nayo ni asilimia 1, na alama yake haihitaji kujua Kireno: pembetatu ya njano yenye herufi T. Afrika Kusini ni asilimia 5, na ni nchi ambayo mahindi meupe ya GMO ni chakula cha kila siku. Marekani, ambako lebo ni lazima tangu 1 Januari 2022, nayo ni asilimia 5, na neno wanalotumia si GMO bali "bioengineered". Baadhi ya paketi huweka msimbo wa kuskani tu, hivyo anayetafuta herufi tatu za GMO haoni kitu na kudhani ni safi.

Ulaya na Marekani, asilimia hizo zinahesabiwa kwa kila kiambato, si kwa paketi nzima. Lesithini ya soya, kiambato cha kuyashikanisha mafuta na maji, kwenye biskuti kwa kawaida haifiki hata asilimia 1 ya uzito. Lakini kama lesithini hiyo yote imetoka kwa soya ya GMO, kiambato hicho ni GMO kwa asilimia 100, na kwa sheria ya Ulaya kinatajwa. Muuzaji akikwambia "ni kidogo sana, haifiki 0.9", muulize 0.9 ya nini.

Mafuta ndiyo mfano mzuri wa ukimya wa aina mbili. Mafuta ya soya yaliyosafishwa kiwandani karibu hayana tena vinasaba. Ulaya inataka yatajwe hata hivyo, kwa sababu wanafuata asili yake kupitia karatasi za shehena. Kanuni za Marekani zilipoanza ziliyaacha nje mafuta yasiyoonekana vinasaba yakipimwa. Chupa mbili za mafuta yale yale zinaweza kuwa na lebo mbili, na zote zikawa zimefuata sheria.

Nyama ni jambo jengine. Kuku wa kugandishwa aliyelishwa soya ya GMO hatajwi kwenye lebo Ulaya wala Marekani, na kipimo cha nyama hakitakwambia alikula nini. Ukitaka kujua, unauliza chakula cha kuku, huulizi kuku.

Kwa sembe ya bara hali ni nyepesi zaidi. Tanzania haijaruhusu zao lolote la GMO kulimwa kibiashara. Majaribio ya mahindi yaliyoanza Makutupora, Dodoma, mwaka 2016 serikali ilitangaza kuyafuta Januari 2021. Linalobaki kuuliza ni kama kinu kilisaga mahindi ya hapa au ya kuagizwa.

Paketi moja ya biskuti

Chukua biskuti za kawaida za chai. Viambato vinapangwa kwa uzito, kizito kwanza: unga wa ngano, sukari, mafuta ya mboga, wanga wa mahindi, sirapu ya glukosi, maziwa ya unga, chumvi, lesithini E322, hamira ya unga.

Unga wa ngano ruka. Ngano ya GMO ipo, ilianzia Argentina, lakini haijaenea. Sukari inategemea: ya miwa au ya biti? Paketi ya Marekani ikiandika sukari tu bila kusema ya miwa, biti inawezekana, na biti ya huko karibu yote ni GMO. Mafuta ya mboga yakifuatiwa na neno "palm" ruka. Yakiwa "cottonseed" na biskuti ni za India, simama, kwa sababu pamba ya India kwa sehemu kubwa ni GMO tangu iliporuhusiwa 2002. Wanga wa mahindi na sirapu ya glukosi ndiyo maswali mazito: mahindi ya wapi? E322 inaweza kuwa ya soya au ya alizeti, na kiwanda kinachotumia alizeti kwa kawaida hujisifu kwa kuandika. Namba peke yake haikutoshi.

Vipande vya soya vya India, vile vinavyopikwa mchuzi badala ya nyama, vina hadhi nzuri zaidi kuliko sifa zake: India hairuhusu soya ya GMO kulimwa. Muhimu ni neno "imezalishwa" liwe India pia. "Imefungashwa" Dubai au Mombasa ni anwani ya mashine ya kufungia tu.

Namba zinazodanganya

Ujumbe unazunguka kwenye simu kuwa tunda lenye kibandiko cha tarakimu tano zinazoanza na 8 ni GMO. Mpango huo ulikuwepo kwenye karatasi, ila maduka hayakuutumia. Inayoanza na 9 ina maana ya kilimo hai, na tarakimu nne tupu ni kilimo cha kawaida, basi.

Msimbo wa mistari nao husomwa vibaya. 600 na 601 ni Afrika Kusini, 616 Kenya, 620 Tanzania, 629 Falme za Kiarabu, 890 India. Namba hizo zinaonyesha kampuni ilisajili msimbo wapi. Mahindi yaliyomo ndani yanaweza kuwa yametoka bara jengine kabisa.

Alama ya kipepeo ya Non-GMO Project ina uzito, kwa sababu kuna mkaguzi wa nje na vipimo kwa viambato vyenye hatari. Hata hiyo inakubali hadi asilimia 0.9 kwa chakula cha watu. Duara la kijani lenye jani, lililochapishwa na kiwanda chenyewe bila jina la mkaguzi, ni pambo.

Kupima

Kipimo cha kijiti kinafanya kazi kama kile cha mimba: mstari mmoja wa kuthibitisha kijiti ni kizima, wa pili ukitokea protini imeonekana. Kinafaa kwa punje mbichi na unga mbichi. Kwa boflo, biskuti, konfleksi na mafuta hakifai, kwa sababu joto huharibu protini kinayoitafuta. Anayepima chapati kwa kijiti kisha akatangaza "hakuna GMO" amepima moto wa chuma.

Kosa kubwa zaidi ni sampuli. Ukichota punje 100 juu ya gunia ambalo punje 1 katika kila 100 ni GMO, kuna zaidi ya theluthi moja ya uwezekano kwamba hukuokota hata moja. Ili uwe na uhakika wa asilimia 95 kuwa hujaikosa, unahitaji punje 299. Kwa kiwango cha asilimia 5 zinatosha 59. Punje 300 za mahindi ni kama gramu 90, basi tatizo si wingi, ni mahali pa kuchota: juu, katikati na chini, na magunia kadhaa ya shehena moja, kisha changanya vizuri ndiyo uhesabu. Soma karatasi ya kiboksi uone kijiti kinaweza kuona punje 1 katika ngapi. Kikiwa kinaona 1 katika 100, gawa mafungu matatu, kila fungu kijiti chake.

Saga kwa mashine iliyooshwa na kukaushwa. Vumbi la soya ya mteja aliyetangulia linatosha kukuharibia. Tumia maji ya kipimo kilichoandikwa, ya bomba au ya chupa, si ya kisima chenye chumvi. Tikisa, acha unga utuame, chovya ncha tu ya kijiti na usome kwa dakika zilizoandikwa. Mstari unaojitokeza saa nzima baadaye hauhesabiwi. Na kwa hewa yetu ya unyevu, usifungue mfuko wa vijiti mpaka kila kitu kiwe tayari mezani.

Kumbuka kijiti kinatafuta protini ya jina lake. Cha protini ya CP4 EPSPS kitaiona soya na mahindi mengi yanayostahimili dawa ya magugu yenye glaifoseti, lakini mahindi ya MON810, yenye protini ya Cry1Ab ya kuua funza wa bua, yatapita mbele yake kimya.

Kwa chakula kilichopikwa unahitaji PCR, kipimo cha vinasaba vyenyewe. Maabara huanza na msako wa jumla, mara nyingi vipande viitwavyo 35S na NOS, ambavyo vimo kwenye GMO nyingi. Tahadhari: 35S asili yake ni kirusi kinachoshambulia koliflawa na kabichi, hivyo supu ya paketi yenye kabichi kavu inaweza kuonekana na GMO isiyokuwemo. Matokeo ya "ipo" yafuatiwe na kipimo cha aina mahususi, kisha cha kiwango. Kabla ya kulipa, uliza maabara kama ina ithibati ya ISO/IEC 17025 (kiwango cha kimataifa cha maabara za vipimo) kwa kipimo hicho hasa, maana ithibati ya kupima bakteria haihusu vinasaba. Uliza pia kiwango cha chini wanachoweza kuona. Jibu lililoandikwa "haikuonekana" bila kiwango hicho halina thamani.

Sukari nyeupe, sirapu na mafuta yaliyosafishwa usipoteze fedha kuvipima. Hapo ushahidi ni karatasi, na hoteli za Nungwi na Paje zinazoandika kwenye menyu kuwa hazitumii GMO zinapaswa kuwa nazo: cheti cha mzigo kutengwa tangu shambani, chenye namba ya shehena inayolingana na ile iliyopigwa muhuri kwenye dumu au kipolo. Cheti cha mwaka juzi kilichotolewa nakala kwa kila mzigo si cheti cha mzigo wako. Kama msambazaji hatoi karatasi ya mafuta ya soya, badili mafuta, chukua alizeti au mawese, suala limekwisha.

Ukiamini lebo fulani inadanganya, nunua paketi mbili za shehena moja. Moja iache imefungwa. Hifadhi risiti, piga picha ya pande zote za paketi pamoja na namba ya shehena na tarehe, na usihamishie chakula kwenye mkebe wa nyumbani. Vipeleke kwa Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar au Taasisi ya Viwango Zanzibar, pamoja na maandishi yanayotaja neno gani la lebo unalolipinga na kwa nini. Picha usiitume kwenye makundi ya simu kabla ya majibu. Paketi iliyofunguliwa na kupita mikono kumi haiwezi tena kuwa kielelezo.