Je, vyuma huotesha nywele kifuani?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Nina miaka 21. Nilianza kunyanyua vyuma miezi minane iliyopita. Kifua kimetanuka, lakini nywele nazo zimeanza kupanda kutoka kitovuni hadi kifuani. Mwenzangu wa mazoezi anasema misuli ndiyo inayozisukuma nje. Nimezinyoa mara mbili, zikarudi ngumu zaidi. Sizipendi. Niache vyuma?

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Usiache. Mimi nilianza kunyanyua vyuma kabla hujazaliwa, na kifua changu kina malaika saba. Nimeyahesabu mbele ya kioo. Mdogo wangu, ambaye mzigo wake mkubwa ni rimoti, akivua shati utadhani kabakiza sweta. Baba mmoja, mama mmoja.

Misuli haisukumi kitu. Kila unywele huota kwenye kishimo chake ndani ya ngozi, na vishimo hivyo, kama milioni 5 mwili mzima, umezaliwa navyo. Msuli ukijaa, ngozi hutanuka tu. Kishimo kipya hakichimbwi. Kinachoyageuza malaika laini kuwa nywele nene ni homoni ya testosteroni, na hasa dihaidrotestosteroni inayotokana nayo. Kazi hiyo huanza wakati wa kubalehe, na kifua huwa cha mwisho mwisho. Kuna wanaume ambao bado huota hata wakivuka miaka 30. Wewe na nywele zako mngekutana tu, vyuma au bila vyuma.

Ni kweli, ukimaliza seti nzito testosteroni hupanda kidogo, lakini ndani ya saa moja hivi imesharudi ilipokuwa. Unywele hauoti kwa saa moja. Halafu kila kishimo kina usikivu wake kwa homoni hiyo, na huo ni urithi. Homoni ileile inayootesha kifuani ndiyo inayoleta upara kwa aliyeurithi. Muulize mdogo wangu: kifuani msitu, kichwani uwanja.

Kuhusu ugumu, wembe hukata unywele sehemu yake nene, ile ncha nyembamba ikaenda na maji. Unachokigusa ni kisiki. Idadi ni ileile.

Ila kuna jambo hukulisema. Kama yupo anayekupa sindano au vidonge vya kujaza mwili, hapo nabadilisha jibu. Dawa hizo, steroidi, huongeza nywele za mwilini, hupukutisha za kichwani, huleta chunusi na husinyaza korodani. Dada akizitumia, sauti nzito na ndevu zinaweza kubaki hata akiacha. Kama ndivyo, nenda kwa daktari wiki hii, na umwambie ukweli.

Kama sivyo, nyoa ukitaka, lakini baada ya kuoga, kwa wembe mpya, na siku usiyofanya mazoezi. Mimi niliwahi kuyanyoa yale yangu saba asubuhi, jioni nikaenda kubeba vyuma. Jasho lilipofika kifuani, nilikiweka chuma chini na kuomba maji.